Kipi Hicho, na Nani Huyo: Kuandika Kiingereza Kisichomkanganya Msomaji

Itazame sentensi hii, ya aina inayoweza kupatikana katika ripoti yoyote ya mradi wa afya: "We distributed mosquito nets to mothers treated with insecticide." Mwandishi alikusudia kusema kwamba vyandarua ndivyo vilivyotiwa dawa. Sentensi yake inasema akina mama ndio waliotiwa dawa ya wadudu. Ukimwonyesha kosa atashangaa kweli, kwa kuwa kichwani mwake utata haupo. Kwa Kiswahili angeweza kusema "Tuligawa vyandarua kwa akina mama vilivyotiwa dawa", na ingawa mpangilio huo haupendezi sana, hakuna msemaji wa Kiswahili atakayedhani akina mama walinyunyiziwa dawa. Kiambishi "vi" kimeshamaliza kazi: kimewaruka akina mama, kikaenda kuvishika vyandarua. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Neno "treated" halibadiliki, liwe la chandarua, la mama au la maji ya kisima, na kinachomwonyesha msomaji ni la nani ni mahali lilipokaa. Hapa limekaa ubavuni mwa "mothers", basi ni la akina mama. Dawa yake ni kulihamisha: "We distributed insecticide-treated nets to mothers."

Ninachotaka kukuonyesha katika mwongozo huu ni kwamba makosa mengi ya aina hii, kwetu sisi tunaoandika Kiingereza huku tukifikiri kwa Kiswahili, hayatokani na uvivu wala uchache wa msamiati. Yanatokana na kukitegemea Kiingereza kifanye kazi ambayo kwetu hufanywa na ngeli. Ngeli hutufanyia kazi hiyo kimyakimya tangu utotoni, kiasi kwamba hatuhisi kuwa kuna kazi inayofanyika. Vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza haviligusi jambo hili, kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kuwa na ngeli za kuzitegemea. Ukijua ngeli inakusaidia wapi, utajua pia wapi pa kuongeza uangalifu unapohamia lugha ambayo haina msaada huo, na utaacha kukariri orodha ndefu za kanuni ambazo husahaulika mtihani ukiisha.

Tuanze na viwakilishi. Sema kwa Kiswahili: "Tulikitoa kikombe kwenye mfuko kwa sababu kilikuwa kimelowa." Kilicholowa ni kikombe. Badilisha herufi chache tu, "kwa sababu ulikuwa umelowa", na sasa kilicholowa ni mfuko. Kwa Kiingereza sentensi zote mbili zinakuwa moja: "We took the cup out of the bag because it was wet." Kiwakilishi "it" kinabeba kikombe, mfuko, gari, ukuta, ugonjwa na wazo, vyote kwa sura ileile. Ndiyo maana anayetafsiri kichwani anaandika "it" akiwa na uhakika kabisa, kwa kuwa yeye amesikia "ki" au "u" ndani yake, ilhali msomaji hakusikia kitu. Kipimo kinachofaa hapa ni rahisi: kila unapoandika "it", "they", "them" au "its", rudi nyuma uhesabu nomino ambazo kiwakilishi hicho kinaweza kuzishika. Ikiwa moja, endelea. Zikiwa mbili, na maana haiikatai mojawapo waziwazi, taja nomino yenyewe: "because the bag was wet".

Vishazi rejeshi vina mtego huohuo, na maofisini ndiko unakonasa watu wengi. "Ripoti ya mradi iliyochelewa" na "ripoti ya mradi uliochelewa" ni habari mbili tofauti, na mkubwa wako wa kazi atachukua hatua tofauti kwa kila moja: katika ya kwanza atamwita aliyeandika ripoti, katika ya pili atamwita mkandarasi. Kiingereza kinazimeza zote katika "the report on the project that was delayed". Msomaji ataegemea upande wa neno lililo karibu, yaani mradi, lakini hatakuwa na hakika. Ukiitaka ya kwanza, andika "the delayed report on the project". Ukiitaka ya pili, andika "the report on the delayed project". Angalia kilichofanyika: neno la kufafanua limesogezwa likagusana na mwenyewe. Karibu kila marekebisho utakayoyafanya katika eneo hili ni ya aina hii moja, kusogeza, na yanayobaki ni kutaja upya.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili ndicho kinachoshinda siku zote. Kwa watu na wanyama, ngeli yetu ni moja, na hapo Kiingereza kina silaha ambazo sisi hatuna. "Mkulima alimpeleka mbuzi wake kwa daktari wa mifugo kwa sababu alikuwa mgonjwa." Nani mgonjwa? Kisarufi anaweza kuwa yeyote kati ya watatu. Kiingereza kinasema "because it was sick", na mbuzi amejulikana. Vivyo hivyo, "Juma alimwambia Asha kwamba amefukuzwa kazi" inatuacha tukiuliza, ilhali "he had been fired" na "she had been fired" zinajibu swali. Lakini silaha hizi mtu hawezi kuzitumia vizuri bila mazoezi, kwa sababu kiambishi "a" hakitufundishi kutazama jinsia. Kosa la kumwita mama "he" na baba "she" ndani ya aya moja ni la kawaida sana miongoni mwetu, na lina uzito kuliko linavyoonekana: msomaji akiona "he" baada ya sentensi tatu za "she" hudhani kuna mtu mpya ameingia, na huanza kumtafuta. Ukimaliza kuandika, ifanye kazi hiyo peke yake: pitia karatasi yote ukitazama "he", "she", "his" na "her" tu, usitazame kitu kingine.

Pale ambapo lugha zote mbili zinashindwa ndipo unapohitaji akili zaidi. "Amina told her sister that her phone was broken" haieleweki kwa Kiingereza, na haieleweki kwa Kiswahili: "Amina alimwambia dada yake kwamba simu yake imeharibika." Tunapozungumza, sauti na macho hutuokoa. Kwenye karatasi una njia tatu. Unaweza kutaja mwenye simu kwa jina. Unaweza kunukuu maneno yenyewe: "Amina told her sister, 'Your phone is broken.'" Au unaweza kuisuka sentensi upya ili mtu mmoja tu abaki ndani yake wakati kiwakilishi kinapotokea: "Amina's phone was broken, and she told her sister." Njia hii ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inakulazimisha kuamua nani ni mhusika mkuu wa sentensi, na mara nyingi chanzo cha utata ni kwamba mwandishi hakuamua.

Wengi watapinga kwamba kurudia nomino kunachosha na kunaharibu insha. Shuleni tulikatwa alama kwa marudio. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, lakini limetumika vibaya. Kinachochosha ni kurudia nomino pale ambapo kiwakilishi kingetosha bila utata. Nomino inapokuwa ndiyo njia pekee ya kuondoa utata, msomaji haioni kama marudio, huiona kama jibu. Hatari kubwa iko upande wa pili: mwandishi anayekimbia marudio huanza kubadilisha majina, akaandika "the manager" hapa, "the boss" pale, "the official" mbele kidogo, na msomaji akadhani ni watu watatu. Tabia hii waliikemea ndugu wawili Waingereza, H. W. Fowler na F. G. Fowler, katika kitabu chao "The King's English" cha mwaka 1906, wakaonyesha jinsi hamu ya kupamba inavyozaa mkanganyiko. Katika mkataba, ripoti ya polisi au maelezo ya matumizi ya dawa, jina moja kwa kitu kimoja ni salama zaidi kuliko mapambo yoyote.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo: msomaji si mjinga, muktadha utamwongoza. Ni kweli kwamba muktadha hutuongoza, tena kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1972 Mmarekani Terry Winograd, mtaalamu wa kompyuta, alionyesha jambo hili kwa mfano ambao umekuwa maarufu, wa madiwani wa jiji wanaowanyima waandamanaji kibali. Ukisema waliwanyima kwa sababu "waliogopa vurugu", kila mtu anaelewa walioogopa ni madiwani. Ukisema "walihimiza vurugu", kila mtu anaelewa waliohimiza ni waandamanaji. Sarufi haikubadilika hata chembe. Kilichotujulisha ni ujuzi wetu wa dunia, kwamba watoa vibali huogopa fujo na kwamba waandamanaji wanaweza kushutumiwa kuzihimiza. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Hector Levesque wa Chuo Kikuu cha Toronto alipendekeza sentensi za aina hiyo zitumike kuzipima kompyuta, kwa hoja kwamba haziwezi kutatuliwa kwa sarufi peke yake. Lakini tazama mfano huo unatufundisha nini sisi tunaoandika. Muktadha unasaidia pale tu ambapo msomaji anaijua dunia unayoizungumzia kama unavyoijua wewe. Anayesoma ripoti ya ushirika wa kahawa wa Mbinga akiwa Geneva hajui kwamba mweka hazina ndiye anayetunza stakabadhi na katibu ndiye anayeandika kumbukumbu. Mwanafunzi anayesoma maelezo ya jaribio la kemia kwa mara ya kwanza hajui kipi huchemka na kipi huganda. Watu hawa ndio wanaoyahitaji maandishi yako zaidi, na hao ndio ambao muktadha hauwafai. Waandikie hao, mjuzi hatapungukiwa na kitu.

Kuna kiwakilishi kimoja ambacho Kiswahili kinaweza kukusaidia kukitumia vizuri, ukikubali kuiga desturi yako mwenyewe. "The board cancelled the tender and dismissed the manager, which angered the contractors." Ni nini kilichowakasirisha makandarasi: kufutwa kwa zabuni, kufukuzwa kwa meneja, au vyote viwili? Kiswahili sanifu hakipendi kuning'iniza kirejeshi hewani namna hiyo. Sisi huweka nomino kwanza: "jambo ambalo liliwakasirisha", "hatua iliyowakasirisha", "hali iliyosababisha". Ihamishe tabia hiyo nzuri uende nayo Kiingerezani. Badala ya "which" au "this" lililo peke yake, andika "this decision", "this delay", "this dismissal", na uchague nomino inayosema hasa unachokilenga. Ukishindwa kuipata nomino, huenda hujajua bado unachotaka kusema, na ni afadhali ulijue sasa kuliko msomaji alijue baadaye.

Sasa tuje kwenye vifafanuzi, yaani vivumishi na vielezi pamoja na virai na vishazi vinavyofanya kazi yao. Kinachotusumbua zaidi ni kile kinachoanza sentensi kikiwa na kitenzi kisicho na mtendaji. Kwa Kiswahili unasema "Walipomaliza ukaguzi, fedha zilirudishwa benki." Kiambishi "wa" kimewataja wakaguzi ingawa hawatokei tena katika sentensi. Anayehamisha muundo huo huandika "Having finished the audit, the money was returned to the bank", na sarufi ya Kiingereza, ambayo hukipa kitenzi hicho kiima cha kwanza kinachofuata, inasema fedha ndizo zilizofanya ukaguzi. Vivyo hivyo "Nilipokuwa nikitembea kwenda sokoni, mvua ilianza" ni sahihi kabisa, kwa sababu "ni" ipo pale mwanzoni. "Walking to the market, the rain started" imeipoteza "ni" hiyo njiani, na mvua imeachiwa safari ya sokoni. Ukitaka kuponya, ama mtaje mtendaji mara tu baada ya mkato, "Having finished the audit, the auditors returned the money to the bank", ama ukipe kitenzi cha kwanza kiima chake, "After the auditors had finished, the money was returned to the bank". Tahadhari kubwa zaidi iwe pale unapokutanisha mwanzo wa namna hii na kauli ya kutendwa, kwa kuwa kauli ya kutendwa kazi yake ni kumficha mtendaji, nawe unamhitaji aonekane.

Kwa haki, Kiswahili nacho kina mahali ambapo mtendaji hupotea. "Baada ya kula, vyombo vilioshwa" haimtaji mlaji, na hatusumbuki. Kiingereza nacho kimezoea misamaha ya aina hiyo: maneno kama "considering", "given", "regarding" na "generally speaking" yamekaa katika lugha muda mrefu hadi yakaacha kudai mtendaji, na "using" imezoeleka katika maandishi ya sayansi yanayoeleza vipimo vilivyofanywa na mtu ambaye hatajwi. Tena mtu anaweza kumtaja Shakespeare mwenyewe. Katika tamthilia ya "Hamlet", mzimu wa mfalme unasimulia kifo chake kwa sentensi ambamo, ukiifuata sarufi kwa ukali, nyoka ndiye aliyekuwa amelala bustanini. Hoja hizi zote nazikubali, na sioni sababu ya kumwadhibu mwanafunzi kwa sentensi ambayo hakuna mtu anayeweza kuielewa vibaya. Lakini mzimu wa Hamlet unasema ukiwa umesimama jukwaani mbele ya mwanawe, na hakuna asiyejua ni nani aliyekufa. Ripoti yako itasomwa wewe ukiwa haupo. Basi usiulize kama muundo huo umewahi kutumiwa na mkubwa fulani. Uliza kama kuna kiima kingine ndani ya sentensi kinachoweza kuchukua kitendo hicho kwa makosa. Kama hakipo, acha sentensi ilivyo.

Neno "only" linastahili nafasi yake, kwa sababu ni dogo na linahamisha mambo makubwa. Kwetu "tu" hufuata neno linalowekewa mpaka. Kiingereza huliweka "only" mbele yake, na anayesahau jambo hili hulitupa popote. Linganisha sentensi tatu. "Only the treasurer signed the cheque": ni mweka hazina tu aliyesaini, mwenyekiti hakusaini, na pengine benki itaikataa hundi. "The treasurer only signed the cheque": mweka hazina alisaini tu, hakuijaza wala hakuipeleka. "The treasurer signed only the cheque": alisaini hundi tu, barua hakuisaini. Katika kesi ya fedha zilizopotea, sentensi hizo zinawapeleka watu watatu tofauti mbele ya mkaguzi. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliwatetea wanaoliweka "only" karibu na kitenzi kama wanavyozungumza, pale ambapo maana haipotei, na alikuwa na haki: "I only have two children" haimdanganyi mtu. Fuata busara yake katika barua kwa rafiki. Kwa fedha, dawa, tarehe na mamlaka, liweke neno hilo mbele kabisa ya kile unachokiwekea mpaka.

Vielezi vya wakati na vya marudio vina ubaya wa kukaa katikati na kuangalia pande mbili. "Students who revise often pass": ni wanaojisomea mara kwa mara, au ni wanaofaulu mara kwa mara? Kiswahili hakikuokoi hapa, maana "Wanafunzi wanaojisomea mara kwa mara hufaulu" ina ugonjwa uleule, ingawa msemaji huuponya kwa kituo cha sauti. Andika "Students who often revise pass" au "Students who revise will often pass". Katika habari za magazeti, siku ndiyo inayoponyoka: "The minister promised to repair the road on Tuesday" inaahidi ukarabati wa Jumanne, hata kama Jumanne ilikuwa siku ya ahadi tu. "On Tuesday the minister promised to repair the road" haimwingizi waziri katika deni ambalo hakulikopa.

Kama bado unaona mambo haya ni ya walimu wa sarufi, tazama yaliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani. Katika kesi ya Barnhart dhidi ya Thomas, iliyoamuliwa mwaka 2003, mwanamke aliyekuwa mwendesha lifti aliomba mafao ya ulemavu. Sheria ilimtaka athibitishe kwamba hawezi kufanya kazi yake ya awali wala kazi nyingine yoyote ya kipato iliyopo katika uchumi wa taifa. Yeye alisema kazi ya kuendesha lifti haipo tena kwa idadi ya maana, kwa hiyo maneno "iliyopo katika uchumi wa taifa" yashike pia kazi ya awali. Mahakama ya rufani ilikubaliana naye. Majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu wakakataa: kishazi hicho, walisema, kinashika nomino iliyo jirani tu. Miaka 18 baadaye, mwaka 2021, mahakama hiyohiyo ilipokea kesi ya Facebook dhidi ya Duguid kuhusu sheria ya simu ya mwaka 1991, inayozungumzia mitambo inayoweza kutunza au kuzalisha namba za simu, kisha mkato, kisha maneno yanayotaja kifaa cha kuzalisha namba kwa bahati nasibu au kwa mfululizo. Je, maneno hayo ya mwisho yanashika "kuzalisha" tu, au na "kutunza" pia? Safari hii majaji waliamua yanashika vitenzi vyote viwili, na mkato ulikuwa miongoni mwa sababu zao. Kila uamuzi una hoja zake. Kwangu mimi uzito uko hapa: wasomaji stadi wa Kiingereza wa kiwango hicho, wakiwa na mawakili na miezi ya kutafakari, walilazimika kuamua kwa hukumu jambo ambalo mwandishi angelimaliza kwa kurudia maneno machache. Na usidhani ngeli ingeokoa kesi ya kwanza; "kazi" na "kazi" zote zina upatanisho mmoja.

Mikataba yetu ya kawaida ina mashimo hayohayo. "The supplier shall deliver tables and chairs made of mninga." Meza nazo ni za mninga? Mnunuzi atasema ndiyo, fundi aliyeleta meza za msonobari atasema hapana, na kila mmoja atakuwa na sarufi ya kujitetea. Andika "mninga tables and mninga chairs", au zitenge: "chairs made of mninga, and tables made of pine". Katika sentensi ya mkataba, orodha yoyote yenye kifafanuzi kimoja mwishoni ichunguzwe mara mbili.

Nipitie haraka suala la "kila mtu", kwa kuwa linawatia wengi wasiwasi usio wa lazima. "Kila mwanafunzi alete kitabu chake" haina jinsia. Kiingereza kinakutaka uchague. Bunge la Uingereza liliwahi kuliamua suala hili kwa sheria zake mwaka 1850, likasema "he" ihesabiwe kuwa inamjumuisha mwanamke. Leo wengi hutumia "their" kwa mtu mmoja, matumizi yaliyopo katika Kiingereza tangu karne ya 14, na mwongozo wa uandishi wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, uliyakubali rasmi katika toleo lake la 7 la mwaka 2019. Yatumie bila hofu, lakini usiyatumie pale penye wingi mwingine wa kugombania kiwakilishi. "Each teacher should tell the students when they will be transferred" inaacha wasijulikane wanaohamishwa. Hapo rudisha nomino, au ugeuze umoja uwe wingi na wingi uwe umoja hadi mgongano uishe.

Tumalizie kazi kwa mkono, kwa aya moja ya kumbukumbu za kikao niliyoitunga ili yote yakutane: "The secretary informed the treasurer that she had not submitted the receipts for the chairs which were bought in March, and this delayed the audit. Having discussed the matter, it was agreed that he should only pay the members who attended by Friday." Anza na "which were bought in March". Kisarufi kishazi hicho kinaweza kushika stakabadhi au viti, lakini hakuna anayenunua stakabadhi, kwa hiyo kiache. "This" inaweza kuwa taarifa ya katibu au kukosekana kwa stakabadhi. Andika "the missing receipts delayed the audit". "Having discussed" haina mtendaji, na "it" haiwezi kujadili. Andika "After discussing the matter, the members agreed". "He" ametoka wapi, wakati aliyetajwa ni "she"? Yaelekea ni mweka hazina yuleyule, na hapa jinsia imeteleza. Andika "the treasurer". "Only" inaweza kuwawekea mpaka malipo au wanachama. Kama maana ni kwamba wasiohudhuria hawalipwi, andika "pay only the members who attended". "By Friday" imekaa karibu na kuhudhuria ilhali ni ya kulipa. Ihamishe: "should by Friday pay only the members who attended".

Linabaki "she" la kwanza, na hili haliponi kwa kusogeza chochote. Kama katibu na mweka hazina wote ni wanawake, aya haisemi ni nani ambaye hakuwasilisha stakabadhi, na wewe unayehariri huna namna ya kulijua kwa kuitazama sentensi. Mpigie simu katibu umwulize, kisha uandike cheo cha mhusika. Akikosekana na kumbukumbu zinatakiwa leo, andika kile tu ambacho ni kweli kwa vyovyote vile: "The secretary informed the treasurer that the receipts for the chairs bought in March had not been submitted", na pembeni uache alama ya kumkumbusha mwenyekiti kwamba jina la mhusika bado linasubiriwa.